Maji ya Buluu na Kitanzi: Kutoa Vinyama Vikubwa vya Utumbo Bila Kupasua Tumbo

Hotuba kwa wananchi na watumishi wa afya, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, waganga wafawidhi, wauguzi, wazee wangu, mama zangu, vijana: asalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa wote, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze kwa lugha ambayo mzee wa Ngamiani ataifuata na daktari wa hospitali ya Bombo hatasinzia. Mkiona napita haraka mahali, madaktari mnivumilie. Na mkiona nimezama kwenye sindano na waya, wazee mnivumilie nanyi, maana humo ndimo ilimo habari yenyewe.

Ndani ya utumbo mpana wa binadamu huweza kuota kinyama. Wataalamu wanakiita polipu. Vingi ni vidogo, hata nusu sentimita havifiki, na hutolewa kwa dakika chache. Sikuja kwa ajili ya hivyo. Nimekuja kwa ajili ya vile vikubwa, vya sentimita 2 na kuendelea, ambavyo zamani mtu akikutwa navyo aliandikiwa moja kwa moja kwenda kupasuliwa. Siku hizi vingi vinatolewa kwa kamera, kupitia njia ya haja kubwa, kisu hakigusi ngozi ya tumbo. Na katika yote nitakayosema leo kuna jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke: kinyama kikubwa kina nafasi moja nzuri ya kutolewa, nayo ni ya kwanza. Ile ikichezewa, zinazofuata zote ni za taabu.

Tuanzie nyumbani. Hapa kwetu mtu akiona damu chooni, jibu analo tayari: bawasiri. Anatafutiwa mizizi, anakalia maji ya uvuguvugu, anaambiwa aache pilipili, na miezi inapita. Sikatai, mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Shida ni kwamba kinyama hakimpi mtu sababu ya kuhangaika. Hakiumi. Ngozi ya ndani ya utumbo haina fahamu ya kukatwa wala kuungua, ndiyo maana hata tunapokikata mgonjwa hasikii tunavyokata. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na kitu cha sentimita 4 tumboni, akala pweza, akaenda mpirani Mkwakwani, na asijue lolote isipokuwa ile damu ya mara moja moja, au ute mwingi kwenye choo.

Na wapo wasioiona damu kabisa. Kinyama kikiwa upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo mpana, damu huvuja kidogo kidogo na kuchanganyika na choo. Kinachoonekana ni mtu kuchoka, moyo kwenda mbio akipanda ngazi, viganja kupauka. Anapimwa, damu ni pungufu, anapewa vidonge vya madini ya chuma. Watumishi wenzangu, hapa naomba tusikilizane. Mwanamume mtu mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, akiwa na upungufu wa damu wa aina hiyo, ni lazima tuulize damu inakwenda wapi. Mpeni dawa ya minyoo, sawa, pwani yetu safura ipo. Lakini msiishie hapo.

Watoto nao wana vyao, nitawataja kwa kifupi tu kwa sababu mama wengi mnaogopa. Mtoto wa miaka mitatu, minne, anatoa damu akienda haja, halii, hana homa, anacheza kama kawaida: mara nyingi ni kinyama kimoja cha utotoni, karibu na mwisho wa utumbo. Kwa kawaida hicho si cha saratani. Mpelekeni hospitali, kitatolewa. Na wenzetu wa Kanda ya Ziwa wana vinyama vinavyoletwa na kichocho cha tumbo, ambavyo dawa yake ya kwanza ni prazikwanteli. Hayo tuyaache.

Kwa nini tunahangaika na kinyama kisichouma? Kwa sababu saratani nyingi za utumbo mpana huanza humo. Hazianzi kwa ghafla. Seli za kinyama hubadilika polepole, badiliko juu ya badiliko, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi. Kadiri kinyama kinavyokuwa kikubwa ndivyo uwezekano wa kukuta saratani ndani yake unavyopanda. Mwaka 2020 peke yake, makadirio ya dunia yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 wa saratani ya utumbo mpana, na vifo zaidi ya laki 9. Sasa chukueni upande wa pili: mwaka 1993 wenzetu wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa waliotolewa vinyama vyao kwa kamera wakafuatiliwa kwa miaka. Saratani ilipungua kwa asilimia 76 hadi 90 ikilinganishwa na ilivyotarajiwa. Mwaka 2012 wakarudi na hesabu ya vifo: vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya nusu. Saratani chache sana zinampa binadamu muda wa kuzizuia hivyo. Tunapewa miaka 10, na bado tunachelewa!

Sasa kamera yenyewe. Mwafrika ana mkono wake humu. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa Michigan mwaka 1957 alipopata mpira wa kwanza unaopinda, uliojaa nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mwanga. Kabla hajamwekea mgonjwa aliuingiza kwenye koo lake mwenyewe. Mwaka 1969, New York, William Wolff na Hiromi Shinya walipitisha kitanzi cha waya ndani ya mpira wa namna hiyo, wakakaza kwenye shina la kinyama cha utumbo mpana, wakapitisha umeme, kikakatika. Mpaka siku hiyo kinyama kilichokuwa juu ya utumbo kilitolewa kwa kupasua tumbo. Miaka michache baadaye daktari Peter Deyhle akaonyesha kwamba hata kinyama kisicho na shina kinaweza kunyanyuliwa kwanza kwa sindano ya maji ndipo kitanzi kikapata pa kushika. Wajapani wakaipokea kazi hiyo wakaifikisha mbali, nitawarudia.

Tofauti hiyo ya shina na kutokuwa na shina ndiyo inayoamua kila kitu. Chenye shina kinaning'inia, na kichwa chake hata kikiwa kikubwa, unakaza kitanzi shingoni. Hatari yake ni damu, maana ndani ya shina umepita mshipa. Kichwa kikifika sentimita 2, au shina likiwa na unene wa sentimita 1, hatukati kabla ya kuudhibiti mshipa ule: tunachoma shinani sindano ya adrenalini, dawa inayobana mishipa, au tunafunga kamba ya nailoni au klipu, yaani kibanio kidogo cha chuma, chini ya pale tutakapokata. Ukisahau, utaona damu ikiruka mpaka kioo cha kamera kinageuka chekundu huoni kitu.

Kile bapa ndicho kinachotutoa jasho. Hakisimami, kinatambaa. Kinaweza kulalia mkunjo mmoja wa utumbo, kikavuka upande wa pili, kikafikia nusu ya duara. Kitanzi ukikiweka kinateleza. Na chini yake ukuta wa utumbo una unene wa milimita chache tu. Ukuta huo una matabaka: ngozi ya ndani, ambako kinyama kimeota, chini yake tabaka laini lenye mishipa ya damu, kisha msuli, kisha utando wa nje. Kazi yetu yote ni kukata ndani ya lile tabaka laini, tusiache kinyama juu na tusiguse msuli chini.

Ngoja niwaonyeshe inavyokwenda. Mama wa miaka 58, kinyama bapa cha sentimita 4 upande wa kulia. Amelala kwa ubavu wa kushoto, amepewa dawa ya kumtuliza, kidoleni ana kifaa cha kupima oksijeni, pajani amebandikwa bamba la kurudisha umeme. Utumbo umejazwa hewa ya kaboni dayoksaidi badala ya hewa ya kawaida, kwa sababu mwili huinyonya upesi na mgonjwa haamki na tumbo limejaa. Daktari hagusi kitu kwanza. Anaosha, anatazama. Anatazama rangi, mishipa, vile vitundu vidogo juu ya kinyama vimepangika au vimevurugika. Daktari anayetumia dakika 10 kutazama kabla ya kushika kitanzi ndiye ninayemtaka mimi siku nikilala hapo. Pakiwa na kibonde kilichovurugika, au vitundu vimefutika kabisa, huenda saratani imekwisha zama, na kitanzi si dawa tena.

Akiridhika, anaomba sindano. Ni waya mrefu unaopita ndani ya kamera, ncha yake ina sindano ndogo. Ndani ya bomba kuna maji ya chumvi, ileile dripu ya kawaida, yametiwa rangi ya buluu, mara nyingi na adrenalini kidogo. Muuguzi anaambiwa "anza," anasukuma, na daktari anaichoma sindano kwa ulalo huku maji tayari yanatoka. Ikiwa imeingia tabaka sahihi, kinyama kinainuka mbele ya macho yenu kama lengelenge la mtu aliyeungua mafuta, buluu kwa chini. Maji ya chumvi hayakai, baada ya dakika chache yanasambaa, kwa hiyo kazi haingoji. Wenye uwezo wanatumia jelatini inayokaa muda mrefu zaidi.

Kitanzi kinafunguliwa juu ya lengelenge, kinabonyezwa, hewa inavutwa kidogo ili kinyama kijae ndani, kisha muuguzi anafunga taratibu. Huyu muuguzi mnayemwona kwenye picha amesimama pembeni ndiye mwenye kazi nusu. Mkononi mwake anahisi. Ameshika nyama laini tu, au ameshika na msuli? Akihisi pagumu anasema, na daktari mwenye akili anafungua kitanzi aanze upya. Wakikubaliana, umeme unapita sekunde moja au mbili, kipande kinaachia. Kipande cha pili kinakatwa kwa kuegemea ukingo wa kile cha kwanza, pasibaki kisiwa katikati. Cha tatu, cha nne, mpaka kiishe.

Halafu sakafu ya kidonda inachunguzwa. Ikiwa ya buluu yote, yenye nyuzinyuzi, alhamdulillahi, tumebaki kwenye tabaka letu. Pakionekana duara jeupe katikati ya buluu, huo ni msuli uliokatwa, na klipu za chuma zinafunga pale pale, mgonjwa hajatoka kitandani. Tobo lililoonwa na kufungwa saa ile ile, wagonjwa wengi wanapona bila upasuaji. Tobo lililoonekana kesho yake ni habari nyingine. Ndiyo maana nasema yule asiyetazama sakafu yake baada ya kukata, asikate.

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na faida yake. Vinyama vinavyokatwa vipande vipande vina tabia ya kurudi: takriban mgonjwa 1 kati ya 6, ukirudi kutazama baada ya miezi kadhaa, utakuta kidogo kimebaki ukingoni. Madaktari wa Australia wakachukua ncha ya kitanzi kile kile, umeme mdogo, wakachoma ukingo wote wa kidonda kuzunguka. Matokeo yao yalitoka mwaka 2019: waliochomwa ukingo, kinyama kilirudi kwa asilimia 5, wasiochomwa, asilimia 21. Hapakununuliwa kifaa kipya. Kazi inaongezeka kwa dakika chache tu. Mimi nasema kwa nchi kama yetu, mgonjwa anayetoka Mkinga kwa nauli ya kuchangiwa na ukoo, hatua hii si ya hiari.

Ipo pia njia ya maji. Tangu 2012 wamo wanaotoa vinyama bapa bila sindano kabisa: wanaondoa hewa, wanajaza utumbo maji safi, ngozi ya ndani pamoja na kinyama inaelea yenyewe, msuli unabaki chini, kitanzi kinapita katikati. Sisi wa pwani, hiyo tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa.

Sasa Wajapani. Miaka ya 1990 walianza kwenye tumbo la chakula, kwa sababu saratani ya tumbo kwao ni nyingi na wanaikamata ikiwa changa. Badala ya kitanzi wakatengeneza visu vidogo vya umeme vinavyopita ndani ya kamera. Kimojawapo kina kitone cha seramiki kwenye ncha ili kisitoboe. Unachanja duara kuzunguka kinyama, unaingia chini yake, unachambua tabaka laini kidogo kidogo mpaka kinyama kizima kinatoka kipande kimoja, hata kikiwa na sentimita 5. Faida yake ni kubwa: mtaalamu wa maabara anapokea kitu kizima, anapima hadi milimita saratani imezama kiasi gani na kingo zake ni safi au la. Ikiwa imezama chini ya milimita 1 kwenye tabaka laini, na dalili nyingine mbaya hazipo, mgonjwa anaweza kuwa amepona hapo hapo. Na kinyama kikikatwa kipande kimoja, ni nadra sana kurudi.

Lakini ni kazi ya saa, pengine saa tatu. Ukuta wa utumbo mpana ni mwembamba kuliko wa tumbo. Tobo, ambalo kwa kitanzi ni mgonjwa 1 au 2 kati ya 100, kwa kisu hufika takriban 5. Na wenzetu hao hufundishwa kwa ngazi: kwanza matumbo ya nguruwe mezani, kisha tumbo la binadamu sehemu ya chini, ndipo utumbo mpana, na mwalimu amesimama nyuma. Vijana wetu wakirudi kutoka masomoni wanakitamani sana kisu hiki, nawaelewa. Mimi maoni yangu, na wakubwa wenzangu watanisahihisha, ni kwamba kwa sasa mahitaji yetu makubwa ni kitanzi kilichotumika vizuri: kinyama kimeinuliwa vizuri, kimekatwa chote, ukingo umechomwa, sakafu imekaguliwa. Kisu kiwekwe kituo kimoja au viwili nchini, kwa wale wachache ambao kinyama chao kina dalili ya saratani changa, na wafanyaji wawe wanakifanya kila wiki. Ujuzi wa mkono usipotumika hufa.

Na upasuaji wa kawaida? Upo, na una mahali pake. Saratani ikiwa imezama, upasuaji ndio tiba. Ninachopinga ni kumpasua mtu kwa kinyama ambacho hakijawa saratani, kwa sababu tu ni kikubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018, wagonjwa zaidi ya 12,000 waliopasuliwa kwa vinyama visivyo saratani: katika kila 1,000, 7 walifariki ndani ya siku 30, na karibu 1 kati ya 7 alipata tatizo kubwa baada ya upasuaji. Hiyo ni Marekani, penye damu ya kutosha na vyumba vya uangalizi. Wagonjwa wa kitanzi, wengi wao wanakwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Safari hii ndiyo inawafaa.

Nirudi kwenye nafasi ya kwanza, kwa sababu hapa ndipo tunapoharibu, na hatuharibu kwa ubaya bali kwa bidii. Daktari anakuta kinyama bapa cha sentimita 3. Anajua hana vifaa vya kukitoa. Lakini anaona vibaya kumrudisha mgonjwa mikono mitupu, basi anang'oa vipande vitano vya kupeleka maabara. Au anajaribu kitanzi, anatoa nusu, damu inamtisha, anaacha. Wiki nne baadaye pale palipojeruhiwa pameponea kwa kovu. Lile tabaka laini lililokuwa likipokea maji limegandamana na msuli. Sasa mgonjwa anafika kwa mwenye ujuzi, sindano inachomwa, pembeni panainuka, katikati pamekaa chini. Kitanzi hakishiki. Na mbaya zaidi, kinyama kukataa kuinuka ni dalili mojawapo ya saratani iliyozama, kwa hiyo sasa hatujui: ni saratani, au ni kovu la mwenzetu? Mikono yenye uzoefu hukimaliza kinyama kikubwa kwa kikao kimoja kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10. Katika wale wanaoshindikana, walioguswa kabla wamo wengi kupita kiasi.

Basi ukikuta kinyama kikubwa na huna uwezo wa kukimaliza siku hiyo, kazi yako ni hii, wala si ndogo. Piga picha, nyingi, karibu na mbali. Kadiria ukubwa kwa kukilinganisha na kitanzi kilichofunguliwa, usikadirie kwa jicho tupu, jicho hudanganya. Andika kiko sehemu gani. Kama si mwanzoni kabisa mwa utumbo mpana wala karibu na njia ya haja, weka alama ya wino wa kaboni ili mwenzako akipate. Na alama iwe umbali wa sentimita 3 hivi kutoka kwenye kinyama, ukutani upande wa kuelekea njia ya haja, kamwe si chini ya kinyama chenyewe, maana wino nao huleta kovu. Usikate kipande isipokuwa unashuku saratani, na hata hapo chukua kimoja tu, pale penye sura mbaya. Kisha andika barua ya rufaa yenye hayo yote na mpigie simu unayempelekea. Hospitali za Muhimbili, KCMC na Bugando zina vitengo vya endoskopi, yaani vya kamera hizi. Uliza nani anafanya kazi hii na siku gani, mgonjwa asiende kukaa kwenye benchi.

Angalizo moja kwa wauguzi wa vyumba vya kamera: manitoli na laktulosi zisitumike kusafishia utumbo unaokwenda kukatwa kwa umeme. Bakteria huzichachusha, hutoa hidrojeni, na hidrojeni na cheche hazikai pamoja. Utumbo umewahi kulipuka.

Sasa ninyi wagonjwa. Kinyama kikubwa hakitolewi ndani ya utumbo mchafu. Siku tatu kabla, acheni mchicha, kisamvu, maharage, mahindi ya kuchoma, na matunda ya mbegu: mapera, pasheni. Machungwa ya Muheza mnaweza kuyakamua na kuchuja, lakini nyama yake msimeze. Ubuyu mwekundu hapana, na juisi ya rozela hapana. Rangi ile ndani ya utumbo inafanana na damu, na daktari atahangaika bure. Vidonge vya madini ya chuma viacheni wiki moja kabla, vinaupaka utumbo weusi unaong'ang'ania. Ile dawa ya kuharisha mtapewa lita kadhaa: nusu jioni, nusu alfajiri ya siku yenyewe. Watu wanakunywa ya jioni, ya alfajiri wanaimwaga kwa kuwa wamechoka. Ile ya alfajiri ndiyo inayosafisha upande wa kulia. Inywe ikiwa baridi, ukakasi wake utapungua kidogo. Choo kikitoka cheupe kama maji, au manjano ya kuonekana chini, umefika.

Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme mapema, wiki mbili kabla, asizikate kwa uamuzi wake wala asizifiche. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5, lakini mwenye vali ya bandia moyoni ana utaratibu wake. Aspirini mara nyingi inaendelea. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo naye aseme, kwa sababu ya umeme. Na mkitaka kufanyiwa wakati wa Ramadhani, zungumzeni na daktari, kazi isiyo ya dharura inaweza kungoja Shawwal.

Baada ya kazi, jambo la kuogopwa ni damu ya kuchelewa. Kigaga kinaweza kubanduka siku ya tano, ya saba, hata ya kumi na nne. Kwa vinyama vikubwa vya bapa hutokea kwa wagonjwa 6 au 7 hivi kati ya 100, na vya upande wa kulia ndivyo vinavyosumbua zaidi. Huko kufunga kidonda kwa klipu kumeonekana kupunguza sana. Damu kidogo kwenye karatasi isikutie hofu. Damu ya mabonge, kizunguzungu, tumbo kuwa gumu, homa: hospitali, usiku huo huo. Kwa hiyo wavuvi wetu, wiki mbili hakuna kwenda dago. Huko kisiwani hakuna wa kukuongezea damu. Na aliyetolewa Dar asipande basi la kurudi Tanga kesho yake asubuhi. Akae kwa ndugu siku chache karibu na hospitali.

Halafu mrudi. Kinyama kikitolewa vipande vipande, kamera ya kwanza ya kuangalia ni baada ya miezi 6 hivi, na nyingine mwaka mmoja baadaye. Kilichobaki kidogo huondolewa siku hiyo hiyo kwa urahisi, kikikutwa mapema. Najua kurudi kunywa ile dawa tena wakati hujisikii mgonjwa ni mtihani. Andika tarehe kwenye kalenda ya nyumbani, mwambie na binti yako, maana wanaume wa hapa tunasahau kwa makusudi. Majibu ya maabara nayo yadaini. Ni haki yako kujua kilichotolewa ni kitu gani, na kama ni cha ukoo unaopata saratani hii, basi kaka na dada zako nao watazamwe bila kungoja damu.

Nimeambiwa muda umekwisha na pale nyuma mikono imeshanyooshwa. Mwenye swali la watu wote aulize sasa. Mwenye swali ambalo hapendi kuliuliza mbele ya wakwe zake, nitakuwa kwenye kile chumba cha kushoto mpaka adhana ya Alasiri, na muuguzi wa kike yupo pamoja nami.